Droni Mbili na Boma la Baba Mkwe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini vizuri kwanza. Najua mnavyonunua vitu. Mnatazama picha iliyochorwa kwenye boksi, mnamsikiliza muuzaji anavyosifia, mnalipa, halafu mkifika nyumbani ndipo mnauliza kitu kinavyofanya kazi. Kikiharibika mnasema kilikuwa kibovu tangu dukani. Mimi nitawaeleza habari za droni mbili zilizoingia nyumbani kwangu, moja ya kijinga na moja ya maana, na sababu iliyotufanya tuzitafute. Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika nimejikamilishia kanisani, kwenye kitabu cha nyimbo. Nitakapokosea, someni hivyohivyo.

Sababu ni macho ya mume wangu.

Mzee ana presha ya macho. Daktari alituchorea kwenye karatasi. Alichora duara, akaanza kulipaka wino kutoka pembeni kuja katikati, akabakiza tundu. Akasema hivi ndivyo baba anavyoona sasa, na hili tundu litaendelea kuziba, matone yatalichelewesha tu. Hakuongeza maneno matamu, na kwa hilo nilimheshimu. Tulipotoka nje Mzee akaniuliza, "Amebakiza tundu kiasi gani?" Nikamwambia, kama mdomo wa chupa. Tukarudi nyumbani, Rugera.

Zikapita siku. Tulikuwa uani tunachambua kahawa, yeye anachambua kwa vidole maana vidole vyake havijaharibika, akasema, "Mama, nataka nilione boma la baba kabla hili tundu halijafunga."

Boma la baba yake lilikuwa Nyakatuntu, ng'ambo ya bonde lenye mafunjo, juu ya mlima. Nasema lilikuwa kwa sababu tulihama pale tukiwa bado vijana. Ng'ombe walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, msimu mmoja wa mvua na nusu ya uliofuata. Asubuhi unaamka unasikia mbwa tu. Baba mkwe alibaki na ng'ombe wachache, akasema hataki kuwaona wakiisha, tukashuka nao tukaja huku kulima migomba kama watu wengine. Sasa pale wanalima watu ambao hata hawakuwahi kumwona baba mkwe. Mtoto wetu mmoja alipita zamani kidogo akauliza, wakamwambia hapa hapajawahi kuwa na boma, hapa ni shamba siku zote. Maneno hayo yalimkaa Mzee moyoni. Alianza kuniuliza, "Mama, hivi sisi tuliota?"

Nikamwambia hatukuota. Mimi nilipelekwa pale nikiwa bibi harusi, nimefunikwa shuka kutoka kichwani mpaka chini. Njia nzima niliona vidole vyangu vya miguu tu. Nilipoona vinakanyaga samadi laini na yenye joto nikajua nimefika. Miezi ile ya kwanza sikushika jembe. Nilikaa ndani, nikanywa maziwa, nikanenepa, nikamsikiliza mama mkwe akitikisa kibuyu. Yeye ndiye aliyenifundisha kufukiza ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, kwa moshi wa nyasi mpaka ndani kunukie. Mpaka leo nikisikia harufu ile naiona sura yake, alivyokuwa anakunja midomo akipuliza moto. Yeye ndiye aliyenifundisha samli pia. Samli ilipakwa kwenye miguu iliyopasuka, nywele za watoto, kamba za ngozi, mlango. Kitu chochote kilicholia kilipakwa samli kikanyamaza. Likumbukeni hilo la samli, maana liliniaibisha.

Sasa, boma la ng'ombe likihamwa, miti inaoza na miiba inaoza, lakini samadi inabaki ardhini. Nyasi zinazoota juu yake ni za kijani kuliko nyingine, kwa mviringo uleule. Ukisimama hapohapo huuoni, unaona nyasi tu. Unauona ukiwa juu sana, na unauona kama pete. Hayo Mzee aliyajua tangu akiwa mchungaji, kwa kutazama mahame ya watu wengine kutoka kilele cha pili. Ila sasa kilele hawezi kukipanda, nyonga imekufa. Na hata angebebwa akafikishwa, angeona nini? Akitazama mlima anaona kipande kimoja. Akigeuza kichwa aone kingine, cha kwanza kimeshapotea.

Aliyelifumbua hilo ni mjukuu wetu, binti wa mwanangu wa tatu. Ni mtu mzima, anapiga picha kwenye harusi na vipaimara, anakaa na sisi. Siku moja alimwonyesha babu yake picha ya kanisa kwenye simu. Mzee akaiona yote, msalaba, bati, mpaka watu mlangoni. Mlima halisi haukutosha kwenye lile tundu, lakini mlima uliopigwa picha ungetosha. Yule binti akasema, "Babu, nitakuletea mlima wako kwenye simu. Nipe muda."

Akaenda Murongo, kule mpakani ambako kila kitu kinapita, akarudi kwenye bodaboda na boksi mapajani. Kwenye boksi pamechorwa mlima wenye theluji na mzungu anacheka. Ndani mkawa na droni nyeusi, nyepesi kama kifaranga cha juzi. Nikaiweka kiganjani nikamwambia, hii upepo wa hapa utaifanya karatasi. Akasema, "Bibi, wewe hujui mambo haya." Nikanyamaza. Alipokuwa mdogo, mimi nikimwambia hujui, yeye hakunyamaza.

Ikapanda mpaka usawa wa paa. Upepo ukaja kutoka bondeni, wa kawaida tu, ule wa kukausha nguo. Droni ikaondoka nao, yeye anavuta vijiti vya rimoti huku na huku, yenyewe inakwenda. Ikapotea kwenye migomba ya jirani. Baadaye kidogo jirani akaja ameishika kwa ncha za vidole kama anavyoshikwa panya aliyekufa.

"Shikamoo. Kuna kitu chenu kilikuwa kimekaa kwenye mkungu wangu."

"Marahaba. Si changu, ni cha huyu."

"Kinapiga picha kweli?"

"Kimekupigia migomba yako."

"Basi nitazamieni kama kuna mkungu umekomaa kule nyuma. Mimi siku hizi sifiki."

Mjukuu akaona haya, mimi nikamwita jirani anywe chai.

Ile droni ilikuwa imejaa utomvu wa mgomba, na nyinyi mnaujua utomvu wa mgomba, ukikauka ni gundi nyeusi. Yule binti akayatoa mapanga yake yote manne, yale yanayozunguka, akayasafisha vizuri, akayarudisha. Akaiwasha. Ikanguruma, ikainama upande mmoja, ikapinduka chali. Akaiwasha tena, ikapinduka. Akasema imeungua. Akataka kulia.

Nikamwambia lete hapa. Sikuweza kusoma vile vimaandishi vidogo, lakini kidole gumba changu kimepima makali ya visu miaka mingi. Nikapitisha kidole juu ya kila panga. Mawili yameinamia kulia, mawili yameinamia kushoto. Nikamwuliza, "Ulipoyatoa ulikumbuka lipi lilikaa wapi?" Akasema yanafanana. Nikamwambia hayafanani, shika uone. Akashika, akachukua simu akasoma, kumbe kweli, yale yanayofanana yanatakiwa yatazamane kwa pembe, na yamewekewa herufi. Akayapanga upya. Ikapanda vizuri. Basi nikaanza kujiona fundi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa inalia. Kila ikizunguka inatoa mlio kama mlango wa jikoni kwa mama mkwe. Nilimsikiliza siku mbili akiirusha inalia tu, meno yananiuma. Siku ya tatu yule binti alikuwa harusini. Nikachukua samli kidogo kwenye kijiko, nikawasha moto ikayeyuka, nikapaka pale kwenye vijimeno vinavyozungusha mapanga, yote manne, nikafuta iliyozidi kwa kitambaa. Nikaizungusha kwa kidole. Kimya. Nikafurahi peke yangu.

Kesho yake ikarushwa uani. Vumbi la uani lenye maganda ya kahawa likaruka, likakaa juu ya samli. Dakika chache baadaye panga moja likakwama angani, droni ikaanguka juu ya jamvi la kahawa. Nikamfokea mjukuu. Nilimwambia nyinyi hamtunzi vitu, kitu cha kumwonyesha babu yako mlima unakigongesha kama mpira. Akainama kuiokota kwenye kahawa. Nakumbuka alivyoinama, na sijisikii vizuri.

Tukaipeleka kwa fundi wa redio na simu pale njia panda. Akaifungua, akainusa, akainusa tena.

"Mama, hii mmeikaangia nini?"

"Kukaanga kivipi?"

"Inanuka kama chombo cha maziwa."

Mjukuu akanitazama. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Ni mimi. Ilikuwa inalia." Fundi akainamisha kichwa kwenye meza yake, mabega yakawa yanatetemeka. Nikamwacha acheke amalize.

Alichotufundisha ni hiki, nami nawapa bure. Vijimeno vya droni vikilia, kwanza tazama kama kuna nywele au uzi wa nyasi umejisokota kwenye ekseli, utoe kwa sindano. Kama lazima upake, ni tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha ya kijiti, basi. Samli inaganda kwenye baridi na inashika kila vumbi linalopita. Halafu akaiweka ile droni chini akasema ukweli wa pili. "Hata nikiiponya, haitafika kwenye mlima wenu. Hii ni ya kuchezea ndani ya nyumba. Haina kitu cha kuishikilia angani. Upepo ukija inakwenda nao. Inakaa juu dakika tano, sita. Na kamera yake ni ya kutajwa tu."

Jioni Mzee akauliza, "Nyuki wenu kapona?" Nikamweleza yote, pamoja na samli. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyoosha mkono akamimina chai pembeni ya kikombe, mezani, anaendelea kumimina. Mwezi uliopita kikombe alikuwa anakiona. Nikapangusa meza. Kesho yake nikamwambia mjukuu, safari hii Murongo tunakwenda wote.

Baba yangu alikuwa anaitwa na watu wa mbali kuja kuwachagulia mtamba. Nilikuwa namfuata nikiwa mdogo, nabeba kibuyu chake. Hakuwa anatazama rangi. Alikuwa anasema mtembeze nimwone, mgeuze, msimamishe kwenye mteremko. Alishika kwato, alifungua mdomo, aliuliza amezoea majani gani. Mwenye ng'ombe alikuwa anakasirika, baba anaendelea kuuliza kwa sauti ileile ya chini. Nilikuwa namwonea haya. Sasa nikiwa mbele ya meza ya mwuza vifaa kule Murongo nikajisikia nimesimama kama yeye.

Mwuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, amekaa katikati ya maspika na simu. Akatutolea droni ya kijivu iliyokunja miguu kama nzige.

"Hii, bibi, hata wewe utairusha."

"Irushe kwanza wewe."

"Hapa ni mpakani, haturuhusiwi. Wataninyang'anya."

"Basi irushe humo ghalani kwako."

"Bibi, watu wananunua hivihivi kwenye boksi."

"Hao ni watu. Mimi nimekuja na macho ya mtu nyumbani yanafunga."

Akanitazama, akainuka. Ghalani akaiwasha. Kamera yake, iliyoning'inia shingoni, ikatikisa kichwa, ikageuka huku na huku, ikatulia imenyooka, kama ndama anaposimama mara ya kwanza. Mjukuu akaninong'oneza kwamba hiyo ni dalili nzuri, shingo ikiwa mbovu picha zinatetemeka. Droni ikapanda ikasimama usawa wa kifua. Mwuzaji akaachia vijiti kabisa. Ikabaki palepale, kana kwamba imefungwa kamba. Nikaomba kipande cha boksi, nikaanza kuipepea kwa nguvu kama napepeta maharage. Ikasogea, ikarudi mahali pake. Nikapepea tena. Ikarudi. Mwuzaji akasema, "Bibi, utaniulia biashara," lakini alikuwa anacheka.

"Inakula mara ngapi?"

"Betri moja nusu saa."

"Wewe ukisema nusu saa, mimi nishike ngapi?"

"Ishirini. Ukiwa na upepo, pungufu."

"Nataka na betri ya pili, na mapanga ya akiba. Ikipotea inajua nyumbani?"

"Inarudi yenyewe pale ilipoondokea. Inaangaliwa na setilaiti."

Hilo lilinipendeza kuliko yote. Nikamwambia mjukuu asitoe pesa mpaka ameiunganisha na simu yake mwenyewe, si ya mwuzaji, maana fundi alituonya kwamba simu nyingine hazielewani na droni nyingine. Ilikataa mara mbili, mara ya tatu ikakubali, picha ya ghala ikaonekana. Ndipo tukaichukua. Bei sitaji, mtaanza kusema mlipata kwa chini.

Kibali cha kuirusha kilimsumbua yule binti, alikwenda na kurudi, na Nyakatuntu akaenda kumwomba mwenyekiti wa kitongoji pia. Nilimwambia bila ruhusa hairuki, hata kama Mzee atalia. Hakulia. Kila asubuhi alikuwa ananyoosha kiganja mbele ya uso, anakisogeza pembeni polepole mpaka kinapopotea. Alidhani simwoni anavyopima.

Siku yenyewe tulikodi gari, sisi watatu na dereva, tukazunguka mpaka ukingo unaotazamana na ule mlima, bonde katikati. Gari lisingevuka bonde, na Mzee asingevuka. Tukamshusha, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki tulichokuja nacho. Mjukuu akatafuta mahali tambarare, akapata kilima kidogo cheusi kisicho na nyasi, akaiweka droni pale. Akaiwasha. Simu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba dira imechanganyikiwa, sogea mbali na chuma. Akamwambia dereva asogeze gari. Gari likasogezwa. Bado nyekundu. Akaizungusha droni hewani kama simu inavyoelekeza, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyekundu. Akavua saa, akaniambia nivue bangili. Bado. Jasho likawa linamtoka, na mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Uganda.

Mzee akauliza, "Mmeiweka wapi?"

"Hapa, Babu, kwenye hiki kilima."

"Rangi gani?"

"Cheusi. Kina mawe yenye matundu kama sponji."

Mzee akainyoosha fimbo yake, akagonga jiwe lililokuwa karibu na mguu wake, akasikiliza. Akasema, "Mmekitua kitu chenu juu ya mavi ya chuma."

Dereva akacheka. Mzee akamwambia, "Cheka. Hapa zamani watu walikuwa wanayeyusha chuma, wanafua majembe. Takataka zake zilirundikwa hivyo. Tukiwa wachungaji tulikuwa tunarushiana. Okota moja uone uzito wake." Dereva akaokota, akaacha kucheka. Tukahamia mbali, kwenye majani, tukatandika gunia chini ili nyasi zisiingie kwenye mapanga. Ile nyekundu ikaondoka. Mjukuu akamtazama babu yake kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

Ikapanda. Jua lilikuwa kali, kwenye kioo cha simu hakikuonekana kitu. Nikavua kitenge changu cha juu, nikatufunika wote watatu vichwa, mjukuu katikati anaendesha, mimi huku, Mzee kule. Humo ndani kukawa na giza na joto na harufu ya tumbaku ya Mzee. Mara ya mwisho nilipofunikwa nguo kwenda kwenye mlima ule nilikuwa na meno yangu yote.

Mafunjo yakapita chini, kisha mto, kisha mteremko. Mlima ukaingia kwenye simu mzima. Mzee akasema, "Naona." Sauti ilikuwa ndogo. Kulikuwa na mikaratusi ambayo haikuwepo, mabati, mashamba ya watu. Mjukuu akaitembeza droni taratibu juu ya bega la mlima. Pete hakuna. Akarudi, akapita tena. Hakuna. Betri ya kwanza ikaanza kulia, akairudisha, akaweka ya pili, akaipeleka. Hakuna. Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo.

Ndipo yule binti akasema, "Babu, hilo hapo. Naona mviringo."

"Wapi?"

"Hapo katikati. Kijani."

Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Hapo?"

"Hapo hapo, Babu."

Mimi pia nilitazama. Lilikuwa shamba la mahindi, lina pembe nne. Nikaona mkono wa Mzee unaanza kutulia kwenye goti, anataka kukubali. Nikasema, "Hapo hakuna boma. Hayo ni mahindi."

Mjukuu akanigeukia ndani ya kitenge, macho yamejaa hasira. "Bibi, jamani."

"Ni mahindi. Yana mistari."

Nje dereva alikuwa anapiga mluzi. Nilijua nimemchoma Mzee. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi ya zamani, ile ya kuita ng'ombe, "Kama hapo ni mahindi, basi mmepotea. Boma lilikuwa juu ya kisima. Mahindi huwezi kulima pale, ni mawe. Ifuate njia ya maji kwenda juu, upande jua linakotoka, mpaka mkute mawe mawili yamelaliana."

Akaifuata njia ya maji. Simu ikaonyesha betri inakaribia nusu, upepo unaongezeka. Mawe mawili yakaonekana, moja limemlalia mwenzake. Juu yake kidogo palikuwa na nyasi zilizokauka rangi ya simba, na ndani yake kitu cha kijani kibichi, kimepinda vizuri kama mpini wa kikapu. Nusu pete. Nusu ya pili ilikuwa imekatwa na njia ya pikipiki.

Hakuna aliyemwambia Mzee. Alikiona mwenyewe. Aliweka kidole kwenye kioo akaanza kukifuata, polepole, mpaka njia ilipokata, kidole kikaendelea kuzunguka kwenye vumbi pale ambapo hapakuwa na kitu, kikafunga duara. Akasema, "Lango. Ndama walilala hapa. Nyumba ya mama." Halafu akanigusa goti. "Yako hapa."

Mimi sikuwahi kuiona nyumba yangu kutoka juu. Niliijua kwa ndani tu, mahali maji yalipovuja na mahali jua lilipoingia asubuhi. Kumbe ilikuwa imetazama bonde lote.

Simu ikaanza kulia, droni ikageuka yenyewe ikarudi. Ilitua pembeni ya gunia ikiwa imebakiza kidogo sana. Mjukuu akatoka ndani ya kitenge, akaenda kusimama mbali. Nikamfuata. Akasema, "Nilitaka afurahi, Bibi." Nikamwambia najua. Sikumwambia zaidi, hakuwa mtoto.

Mjukuu alikuwa ameipiga picha ile nusu pete kabla droni haijageuka, na tangu siku hiyo Mzee huiangalia kwenye simu kila jioni, baada ya kukamua, jua likiwa bado lipo. Watu huja kuitazama naye. Na watu ni watu. Juzijuzi mwanangu alikuja, akakaa karibu na baba yake, akasema kwa kutaka kumpendeza, "Hata ule mti mkubwa wa langoni bado upo, Baba, unauona?" Mti hakuna. Ulikatwa kabla hatujahama, mimi mwenyewe nilipikia kuni zake. Mwanangu akaaga akaenda zake. Mzee akabaki na simu, anaigeuza hivi, anaigeuza hivi, anaisogeza, anasugua jicho moja, anasugua la pili. Nilimkuta jua linazama bado anautafuta. Akaniambia, "Mama, tundu limefunga. Mti sioni tena."

Nilimkumbusha kwamba mti ulikatwa zamani. Alishusha pumzi ndefu. Kisha nikawaita wote waliokuwa nyumbani, wakubwa na wadogo, na yule mwanangu nikampigia simu arudi. Niliwasimamisha uani nikawaambia hivi: "Kuanzia leo, Mzee akishika ile picha, mmoja wenu akae naye, amwambie kilichomo. Nusu pete, mawe mawili, njia ya pikipiki, mahindi ya watu. Akiuliza kitu ambacho hakimo, mwambieni hakimo. Na siku atakapowauliza kama simu imezimika, na nyinyi mnaiona inawaka, asiwepo wa kumwambia imezimika. Njooni mniite mimi."